Basi Likifika Sigino

Babati, Jumamosi jioni

Resti wangu,

Umetoka na baba yako kwenda Singe kumuaga bibi, na mimi nimesema nabaki kumalizia sketi ya mteja. Nimewadanganya. Sketi niliimaliza juzi. Nimefunga mlango wa mbele, nimesukuma cherehani pembeni, na ninaandika mbiombio, maana nawajua: bibi akishawapa uji na kuwaombea, mtarudi.

Usitafute humu habari za kuchemsha maji ya kunywa wala kufunga mlango vizuri. Akina mama wa jumuiya wamekushauri wiki nzima, na jana nilimsikia mmoja akikufundisha namna ya kukaa kwenye basi, utafikiri umezaliwa juzi. Kuhusu wanaume nako sisemi kitu. Kwanza hungenisikiliza, na pili mimi mwenyewe sikumsikiliza mama yangu, nikampata baba yako. Mambo yameenda si haba.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya lile daftari lako la safari. Alhamisi ulilisahau mezani kwangu, juu ya vitambaa, na mimi sina adabu, nikalifungua. Nikasema ngoja nione mtoto anavyoupanga mkutano wa ukoo. Maana ukoo wetu ndivyo ulivyo: mtu akipata kazi, kabla hajaonja hata mshahara wa kwanza, ameshakuwa mwenyekiti. Waliposikia tu kwamba umepata kazi ya mapokezi hotelini Mwanza, wote kwa sauti moja, "Resti atupangie! Si yuko hotelini?" Utafikiri hoteli umepewa iwe yako. Sasa Desemba wote tunakushukia huko, nyumbani kwa Baba Mdogo Anselmi na nyumba za jirani, watu arobaini na kitu, na wewe hata uchochoro wa kwenda sokoni hujaujua bado.

Nilicheka, mwanangu. Umechora mistari kwa rula. Jina la mtu, atalala wapi, chakula kinachomdhuru, anakoroma au hakoromi. Baba yako umemwandika "anakoroma" ukapigia mstari mara mbili. Siku ya kwanza kupumzika, ya pili kupanda mawe na kupiga picha, ya tatu sokoni, ya nne sato wa kukaanga kando ya ziwa. Nikasema moyoni, huyu kanishinda. Mimi ratiba yangu ya zamani ilikuwa na saa na dakika, mpaka muda wa watu kwenda kujisaidia niliuandika.

Halafu nikafika ukurasa wa mwisho. Umeandika juu kabisa: HAWAENDI. Chini yake jina moja tu. Shangazi Vero. Na mbele yake: hapendi safari.

Nikaliweka daftari chini. Mteja akaingia akaniuliza nauza uzi wa rangi gani, nikamwambia sijui.

Resti, nani alikuambia shangazi yako hapendi safari? Najua utajibu kwamba kila mtu anajua. Ni kweli, kila mtu anajua. Baba yako anajua, Anselmi anajua, hata watoto wadogo wanaijua kama wanavyojua sala. Swali langu ni nani alimwambia huyo kila mtu. Ni mimi, mama yako. Na haikuwa kweli.

Sasa nikuanzie mwanzo, na usinikatishe. Barua ina uzuri wake, huwezi kunikatisha.

Ulipokuwa mdogo hata hujatambaa, mimi nilikuwa najifunza ushonaji pale mjini, na fundi wangu hakutaka mtoto kwenye banda lake. Shangazi yako Vero ndiye aliyekulea. Dada mkubwa wa baba yako, mwenye shamba lake na ng'ombe wake Sigino, alikuwa anakuja alfajiri kwa miguu, anakuchukua mgongoni, anakurudisha jioni ukiwa umeshiba maziwa na umelala. Neno lako la kwanza lilikuwa la Kimbulu, ukimwita yeye. Nilikasirika siku ile, nikamwambia aongee na mtoto Kiswahili, atakuja kupata shida shuleni. Uongo mtupu. Nilikuwa naona wivu. Mtoto wangu alikuwa amemwita mtu mwingine kwanza.

Nakuambia hilo ili ujue ni nani huyu ninayemzungumzia, na nilikuwa na deni gani la shukrani kwake kabla sijafanya nilichofanya.

Unaikumbuka safari ile ya kwanza ya Mwanza, miaka minane iliyopita. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Katibu wa safari nilikuwa mimi. Mama wee, nilijiona waziri! Nilikodi Coaster, nikagawa viti, nikanunua jora la kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, nikashona sare za watu wote kwa mikono hii. Shangazi yako alikuja hapa kupimwa, nikamwambia, "Wifi, wewe nikupime nini? Vipimo vyako ninavyo kichwani." Nilimshonea, nikampelekea gauni lake, nikamwambia asimame barabarani pale Sigino saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari litampitia.

Wiki ile ya safari mdogo wangu Hilda akasema naye anataka kuja. Viti vimejaa. Mtu mwingine angemwambia Hilda pole, subiri safari nyingine. Mimi nikakaa na orodha yangu na kalamu, nikawapitia watu mmoja mmoja, nani hatakasirika sana nikimtoa. Kalamu ikasimama kwa wifi yangu.

Sababu nilizojipa zilikuwa nyingi na nzuri. Hajazoea gari, atatapika. Ng'ombe wake wataachiwa nani. Mvua inakaribia na shamba halijaguswa. Zote hizo nilizitunga mimi, yeye hakusema hata moja. Sababu yenyewe ninaiandika hapa mara moja, sitairudia: nilimwonea aibu. Mke wa Anselmi ni mtu wa mjini, ana zulia na makochi yenye vitambaa vyeupe. Nikamwona wifi yangu anavua viatu mlangoni, anakaa chini, anaongea kwa ile sauti yake ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, anamsalimu kila anayepita barabarani na kusimama kusubiri ajibiwe. Na nilijua atabeba kibuyu cha maziwa mgando. Hajawahi kwenda kwa mtoto wa mama yake mikono mitupu. Nikakiona kile kibuyu kinamwagika kwenye zulia la watu, nikakata jina.

Ningemwambia. Ningeenda Sigino nikamwambia usoni, wifi, nimekutoa. Angenikasirikia, tungegombana, yangeisha. Nikasema kesho. Kesho nikasema nina nguo za kumalizia. Halafu baba yako akaniuliza kama dada yake yuko tayari, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Amesema haji. Hapendi safari."

Baba yako akashangaa. "Vero? Vero huyu ninayemjua mimi?"

"Watu wanazeeka, Baba Resti," nikamwambia.

Basi, imekwisha, imekuwa kweli. Asubuhi ile tunaondoka hapa stendi, wewe pia uliniuliza. Ulikuwa umeshaingia garini, ukatoa kichwa dirishani ukasema, "Mama, Shangazi tunampitia wapi?" Nikakujibu hivyo hivyo. Ukanuna mpaka tulipotoka mjini, halafu binamu zako wakaanza kuimba ukasahau.

Mimi nilikaa mbele, karibu na dereva, na orodha yangu mapajani. Tukakaribia Sigino. Nilikuwa nimejiambia kwamba hatakuwepo. Sijui nilidhani nani atakuwa amemwambia. Nikaona rangi ya kijani kwa mbali, kando ya barabara.

Alikuwa amesimama wima, gauni limepigwa pasi, kilemba cha kitambaa hicho hicho, begi miguuni, kibuyu amekikumbatia. Dereva akapunguza mwendo. Akaniambia, "Mama, yule si wa kwenu? Sare hiyo."

Nikamwambia, "Hapana. Vitenge hivyo vimejaa sokoni. Twende, tumechelewa."

Kisha nikainama. Nilijifanya nimeangusha kitu chini, nikapapasa pale miguuni mpaka nilipohisi gari limeongeza mwendo. Nyuma mlikuwa mnaimba, baba yako amelala, upande wa pili watu wanapitishiana maandazi. Hakuna mwingine aliyemwona. Kabla hatujafika Dareda simu yangu ikaita, nikaona jina lake, nikaizima.

Ile picha kubwa ya pale sebuleni, tumesimama juu ya mawe, kijani kitupu, wewe umekenua hadi magego, unaipenda na umeomba kuondoka nayo. Ichukue, mwanangu. Mimi nimeitazama vya kutosha. Wageni wakija wanahesabu tuko wangapi, na mimi kila mara najua jibu sahihi ni ngapi.

Tuliporudi nilikaa siku nne ndipo nikaenda Sigino na mfuko wa dagaa. Nikamwambia dereva alipitiwa, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Aliniangalia tu. "Ahaa," akasema. Akanipikia chai, akanikaribisha viazi, akauliza habari za Anselmi na watoto. Heri angenitukana. Tangu siku hiyo kukiwa na harusi, kipaimara, sherehe yoyote ya mbali, anasema, "Nendeni tu, mimi nitabaki na ng'ombe." Na watu wanacheka, wanasema Shangazi Vero na safari, ah! Nimeisikia miaka minane. Kila ikisemwa natafuta kazi jikoni.

Sasa ngoja nigeuke kwako kidogo, maana sitaki udhani ugonjwa wangu huu wa kuwasemea watu ulimuumiza mmoja tu.

Ulipomaliza kidato cha nne nilimwambia kila mtu Babati hii kwamba Resti anataka unesi. Wateja niliwaambia, padri nilimwambia, mpaka mwenye duka la vifungo. Hukuwahi kusema unataka unesi. Uliwahi kusema unapenda kazi yenye watu wengi wanaoingia na kutoka, nikafikiri ni hospitali. Ukaenda chuo mwaka mzima unaogopa damu, unanipigia simu unasema uko salama, na mimi nafurahi. Uliporudi na begi lako ukasimama hapo mlangoni, ulilia ukaniomba msamaha. Wewe ndiye uliyeniomba msamaha! Nikaupokea. Kwa heshima zote nikaupokea, nikasema basi, yamepita. Nilipaswa kupiga magoti mimi.

Hii kazi ya hotelini umeitafuta mwenyewe, ukaandika barua mwenyewe, ukahojiwa kwa simu umejifungia chooni ili nisikusikie. Nilikuwa nje ya mlango, nilikusikia. Ulivyokuwa unacheka na yule mtu nikajua hapa mtoto amefika kwake. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo katika kupanga kwako huko, Resti, panga utakavyo. Mkiamka saa tano au saa moja, mkipanda mawe au mkikaa chini yake, sawa. Lakini mtu asikuambie fulani hapendi, fulani hawezi, fulani atachoka. Mpigie fulani. Na kama ana simu ya kitochi na hayumo kwenye lile kundi lenu la WhatsApp, umfuate kwa miguu. Mimi nimechelewa kujua hilo, na nimelijua kwa gharama ya mtu mwingine.

Leo asubuhi ulipokwenda kusuka, nilikuaga kwamba naenda sokoni. Nilipanda bodaboda nikaenda Sigino.

Nilimkuta uani anapepeta mbaazi. Nikamwamkia, "Shikamoo, wifi."

"Marahaba, Mama Resti. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi kaa. Umekuja umekunja uso, nikajua kuna mtu amekufa."

Sikukaa. Nikatoa futi yangu ya kupimia kwenye mkoba, nikamwambia nimekuja kumpima.

"Kunipima nini, jeneza?"

"Gauni, wifi. Tunakwenda Mwanza Desemba. Resti ndiye anayepanga."

Akaendelea kupepeta. Akapuliza makapi, akatupa jiwe moja pembeni, halafu akasema taratibu tu, "Mimi si sipendi safari?"

Resti, nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilikuwa na maneno mazuri. Yote yakaniruka. Nikamwambia, "Siku ile dereva hakupitiwa."

"Najua."

"Nilikuona."

"Na mimi nilikuona," akasema. "Nikaona umeinama. Nikajiuliza, Mama Resti ameangusha nini hicho?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia habari ya Hilda na kiti, nikaona bado najificha, nikamwambia lile lingine. Kwamba nilimwonea aibu. Akaniuliza aibu ya nini. Nikasema ya kibuyu, na ya sauti. Akacheka kwa sauti hiyo hiyo, kuku wakakimbia. Halafu akaacha kucheka, akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Mtoto wako alijifunza kuongea kwa sauti hii," akasema.

"Najua, wifi."

"Nilisimama mpaka saa nne. Nilidhani mtageuza. Vijana wa bodaboda wakaniuliza, mama, unasubiri gari gani? Nikawaambia, la ndugu zangu. Kila gari likija wananiita, mama, si hili? Mpaka wakaona haya kuniuliza. Yale maziwa nikawapa wao wakanywa."

Nikachuchumaa kando ya ungo wake. Machozi yananidondoka tu.

"Sogea huko," akaniambia. "Usilie kwenye mbaazi zangu, zitalowa."

Akasimama, akanyoosha mikono, nikampima. Mabega, kifua, kiuno. Ikabidi nirudie. Amepungua sana, Resti. Vile vipimo nilivyojidai ninavyo kichwani havikuwa vyake tena, na wala sina uhakika kama viliwahi kuwa vyake. Nilimpima polepole kuliko mteja yeyote.

Nilipomaliza akaingia ndani, akatoka na lile gauni la kijani. Limekunjwa vizuri, halijapauka hata kidogo. Alilivaa ile siku moja tu. Akalikung'uta akaliangalia mshono.

"Hili bado zima," akasema. "Kesho Resti si anapita hapa na basi?"

"Anapita."

"Mwambie nitasimama palepale. Basi likisimama, nitakuja huko Mwanza Desemba, nitakaa kwenye makochi ya shemeji yako na viatu vyangu. Likipita..." Akafikiri kidogo. "Likipita, mwambie anitumie dagaa."

Akarudi kwenye mbaazi zake. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Nimeacha kumsemea.

Nimerudi nikamwambia baba yako. Alikuwa anapaka rangi viatu vyako vya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, halafu akauliza, "Dada yangu alisimama mpaka saa ngapi?"

"Saa nne."

Akaendelea kupaka rangi. Kiatu kile kile, kimoja, muda mrefu. Ndipo wewe ukarudi umesuka, umependeza, mkaondoka kwenda Singe. Kama njiani ulimwona hasemi, sababu ni hiyo, si wewe. Kesho jioni nyumba ikishakuwa kimya tutayaongea, na hasira yake ni haki yake.

Sasa nakuomba kitu, na ndiyo sababu barua hii nimeiweka juu ya begi lako uisome leo, siyo uisome umeshafika Mwanza. Kondakta nimeshaongea naye stendi. Amesema, "Usijali, mama." Namna alivyosema, anatazama pembeni, anahesabu mizigo, mimi simwamini. Basi la safari ndefu likishatoka stendi halipendi kusimama njiani, na watu watalalamika mmechelewa. Kwa hiyo usimwachie kondakta.

Kaa dirishani, upande wa kushoto. Usisinzie, na hivyo vitu vyako vya masikioni uvitoe. Mkikaribia Sigino utaona rangi ya kijani kando ya barabara. Inuka ulipo, Resti, upige kelele kwa ile sauti aliyokufundisha yeye. Waambie kuna mtu wa kwenu. Wakikucheka wakucheke, wakikuita mshamba itikia. Mimi siku ile nilikuwa kiti cha mbele kabisa, dereva ameshapunguza mwendo mwenyewe, nilichotakiwa kusema ni neno moja tu.

Daftari lako nimelirudisha kwenye begi. Jina la shangazi yako sijalifuta wala sijalihamisha. Utamuuliza mwenyewe hapo dirishani kama anakuja, na atakavyokujibu ndivyo utakavyoandika.

Nasikia lango, mmerudi. Nakupenda, mwanangu, kuliko ninavyojua kusema, na wewe unajua mimi kusema najua. Ukishasoma usije chumbani kunililia, nitashindwa kuamka kukupikia chai.

Halafu, atakuwa na kibuyu, namjua. Kipokee kwa mikono miwili. Kitavuja kidogo kwenye hiyo sketi yako mpya na watu watanusa. Kipakate hivyo hivyo mpaka Mwanza.

Mama Resti